Maboga ya kupambia nyumba majira ya mapukutiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya Waswahili walioko Marekani na Kanada, wengi wao wakiwa hawajayazoea majira haya. Majirani wamepanga maboga kwenye ngazi, watoto wanarudi kutoka shule na picha za maboga, na mtu anajiuliza aanzie wapi bila kumaliza pesa. Niseme msimamo wangu mapema ili usishangae huko chini: kwangu boga ni chakula kwanza. Nitaeleza kupaka rangi na kuchonga pia, lakini pambo ninalolipenda ni lile unaloliondoa barazani mwezi wa Novemba, ukalimenya na kulipika kwa nazi.

Kwa nini maboga hujaa kila mahali ghafla mwezi wa Septemba?

Ndiyo mavuno. Mapukutiko huanza tarehe 22 au 23 Septemba, na boga lililopandwa mwanzoni mwa kiangazi linakuwa limekomaa, likisubiri kutolewa shambani kabla ya jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha. Boga ni mzaliwa wa huku Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zilipatikana mbegu za maboga ya kulimwa zenye umri wa miaka 10,000 hivi. Kwetu lilifika baadaye sana, baada ya safari za Columbus. Wa Iringa analiita boga, wa Nairobi malenge, na wote wakija huku wanalikuta likiwa kwao.

Msimu wenyewe unabeba sikukuu mbili: Halloween, tarehe 31 Oktoba, na Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba (Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba). Anayepanga vizuri hupamba mara moja tu mwishoni mwa Septemba, na mapambo yakamfikisha hadi Thanksgiving. Baada ya hapo watu hutoa maboga na kuingiza mti wa Krismasi. Ukiwa bado unayo mlangoni katikati ya Desemba, majirani hawatasema kitu, ila watakuwa wameona.

Nyumbani kwetu hatusherehekei Halloween. Tukiweka boga mlangoni si tutaeleweka vibaya?

Hamtaeleweka vibaya. Kinachotangaza Halloween ni uso uliochongwa na kuwashiwa taa. Boga zima, lisilo na macho wala meno, ni ishara ya mavuno tu, na watu huliweka hata wasiotaka kusikia habari za mizimu. Desturi ya kuchonga ilitoka Ireland na Scotland, ambako walichonga tanipu; wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi zaidi kukomba, wakaiacha tanipu.

Makanisa mengi yenyewe huuza maboga kwenye viwanja vyao mwezi wa Oktoba ili kuchangisha fedha, na sehemu kubwa ya maboga hayo hulimwa kwenye ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, karibu na Farmington, New Mexico. Kwa hiyo familia ya Kilokole au ya Kiislamu inayotaka baraza lake lipendeze bila ya mafuvu na buibui ina nafasi yake. Nisilolishauri ni kuwakataza watoto boga lolote lile bila kuwaeleza sababu, kwa kuwa shuleni watakutana nalo tu.

Ninunue aina gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu machoni maboga yote ni boga.

Lile la rangi ya chungwa lenye mifereji na kikonyo kinene, linalorundikwa mbele ya supamaketi, mara nyingi ni Howden au jamaa zake. Howden lilizalishwa na mkulima John Howden wa Massachusetts kwa lengo la kuchongwa: linasimama wima, ganda lake ni imara, kikonyo chake ni kirefu. Chunguni ni hasara tupu. Nyama yake imejaa maji na nyuzi, na utamu ni wa kutafuta. Nimewasikia akina mama wakisema "maboga ya Marekani hayana ladha", kumbe walipika la kuchonga.

Ukitaka pambo litakaloishia sahanini, tafuta haya matatu. Rouge Vif d'Étampes ni la Kifaransa, bapa, jekundu lililoelekea chungwa, na wauzaji wengi huliita Cinderella. Jarrahdale, lenye jina la mji wa Australia, ni la kijivu kilichochanganyika na buluu, rangi ambayo mtu aliyezoea boga la Afrika Mashariki haitamshtua. Long Island Cheese ni bapa pia, la kahawia hafifu. Nyama zao ni nzito na za rangi kali. Jarrahdale likipikwa kwa tui zito, hiliki na sukari kidogo, mgeni wa futari hatajua kuwa limenunuliwa Ohio. Na kwa kuwa yote ni bapa, yanapandishwa moja juu ya jingine yakawa mnara wa kuweka kando ya mlango.

Kwa mezani kuna vidogo vya kuenea kiganjani: Jack Be Little vya chungwa na Baby Boo vyeupe. Vinadumu miezi, na hata hivyo vinaliwa. Lumina ni boga jeupe la ukubwa wa kawaida. Liweke kivulini, maana jua kali hulipotezea weupe wake.

Yale majitu ya kwenye mashindano ni ukoo wa Atlantic Giant. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipeleka boga la kilo 1,247 kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California. Hayo nenda ukayatazame, upige picha, urudi nyumbani.

Nitajuaje kwamba boga ni zima?

Ligeuze kote, hasa chini. Bonyeza kwa kidole gumba kitako chake na pale kikonyo kinapoungana na boga, pakibonyea, liache. Sukuma ukucha kwenye ganda: lililokomaa halipenyeki. Kikonyo kiwepo na kiwe kikavu, kwani boga lililong'oka kikonyo lina kidonda ambapo ukungu huingilia. Kwa sababu hiyohiyo usilinyanyue kwa kikonyo, hata kama kinaonekana kimewekwa hapo kwa kazi hiyo. Doa la manjano upande mmoja ni pale lilipolalia udongo, halina madhara.

Wapi nanunua kwa bei nafuu?

Supamaketi kwa yale ya kawaida, mashamba kwa yale mazuri. Mashamba mengi huruhusu uingie uchume mwenyewe, ila angalia: mengine hutoza kiingilio, na ukishalipia watu watano na trekta la kuwatembeza, boga limekuwa la dhahabu. Walioko Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, ambako Wakongo ni wengi sasa, wana bahati ya vibanda vya Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, kando ya barabara. Nenda na fedha taslimu, na usiende Jumapili, wanafunga. Walio karibu na Columbus, Ohio, wana onyesho la maboga la Circleville, linalofanyika Oktoba tangu mwaka 1903, na huko utaona aina ambazo dukani hazifiki.

Tarehe 1 Novemba bei huanguka. Mtu wa kula asubiri siku hiyo.

Boga langu lilioza baada ya wiki mbili tu. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni moja kati ya mambo manne.

La kwanza ni jua na joto. Texas, Arizona au Florida mwezi wa Septemba bado ni kiangazi, na boga lililowekwa ngazi inayopigwa jua kutwa huanza kupikika kwa ndani. Huko ngoja Oktoba ifike katikati, au liweke upande wa kivuli.

La pili ni jalidi. Watu hudhani kwa kuwa friji hutunza vyakula basi baridi ya nje nayo italitunza boga. Boga hupenda ubaridi wa kiasi, nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, yaani 50 hadi 55 za Farenhaiti, mahali pakavu penye hewa. Likikaa muda mrefu chini ya hapo linaumia, na likiganda usiku mmoja, asubuhi jua likitoka linalegea na mwisho wake umefika. Walioko Minnesota au Maine wazoee kutazama utabiri wa hewa: usiku unaotarajiwa kuganda, ingiza maboga ndani au yafunike kwa blanketi kuukuu.

La tatu ni unyevu wa chini. Boga likikaa moja kwa moja juu ya saruji au ubao uliolowa, kitako huoza kabla hujaona kitu juu. Weka kipande cha ubao, mkeka mkuukuu au majani makavu ya ngano chini yake. Usiyabananishe yagusane ikiwa unataka yadumu. Likioza moja linaambukiza jirani.

La nne ni uchafu wa shambani. Udongo umejaa vimelea vya ukungu. Ukifika nyumbani lifute, kisha lioshe kwa maji yaliyotiwa jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne hivi za maji, ulisuuze na ulikaushe kabisa, hasa kuzunguka kikonyo. Tahadhari moja nzito: usichanganye jiki na siki. Kuna watu hufikiri viwili vitafanya kazi kuliko kimoja; vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Boga zima lililofuatiliwa hivi hufika miezi miwili hadi mitatu.

Nipambe vipi bila kukata wala kuharibu chochote?

Hii ndiyo njia yangu, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Anza na matatu ya ukubwa tofauti badala ya mawili yanayolingana. Kubwa nyuma, la kati pembeni, dogo mbele. Changanya rangi: moja la chungwa linatosha, mengine yawe ya kijivu, meupe au ya kahawia, la sivyo baraza litaonekana kama mbele ya duka. Fungia mabua ya mahindi kwenye nguzo, yanauzwa kwa mafungu, na kama una rafiki mwenye bustani utapewa bure. Mahindi ya rangi, yale yenye punje nyekundu, nyeusi na za zambarau, funga matatu kwa kamba ya katani na uyaning'inize mlangoni. Ndoo moja ya krisanthemumu inamaliza kazi. Nunua zile ambazo vichomozo vyake vingi havijafunguka. Zilizochanua zote dukani zitakunyaukia ndani ya siku chache.

Sasa lete vya nyumbani. Kanga iliyochakaa ambayo huna moyo wa kuifanya tambara, ichane mikanda ya upana wa vidole viwili, uifunge kwenye vikonyo na uiache ining'inie. Vipande vya kitenge vya rangi ya haradali, damu ya mzee na kijani kibichi vinakaa vizuri mno na rangi za majani ya huku. Kikapu cha ukindu kilicholazwa ubavu huku vidogo vya Jack Be Little vikimwagika kutoka ndani yake, juu ya mkeka wa rangi, ni pambo la meza ambalo jirani yako hawezi kulinunua dukani. Ungo nao unafaa. Hakuna gundi, hakuna rangi, na Novemba kila kitu kinarudi mahali pake: kikapu ukutani, boga jikoni.

Maboga ya kitambaa hayaozi kabisa. Chukua kipande cha duara cha kitenge, pitisha uzi ukingoni, jaza pamba au vitambaa vilivyokatwakatwa, vuta uzi, kisha chomeka kijiti au kikonyo halisi ulichohifadhi mwaka jana. Fundi wa vitambaa anakimaliza wakati chai inachemka.

Rangi ipi hushika kwenye ganda?

Akriliki. Ganda lina nta ya asili, kwa hiyo lifute kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, likauke, kisha paka tabaka mbili jepesi badala ya moja zito. Nyeupe chini kwanza ndipo uchore maua, herufi au michoro ya hina. Michoro ya hina ya Lamu au Unguja ikichorwa kwa kalamu nyeusi ya mafuta juu ya boga jeupe hupendeza kupita maelezo, na mabinti wanaojua kuchora piko hawahitaji kufundishwa.

Rangi ya kupuliza inashika pia, lakini ifanyie nje. Boga lililopakwa rangi yoyote ile halipikwi tena, hata ukilimenya. Na kwenye mboji usilitupe.

Nimeona maboga yaliyobandikwa majani makavu. Hufanywaje?

Okota majani ya mepo (maple) yakiwa bado laini na yenye rangi, yalaze katikati ya kurasa za kitabu kizito kwa siku kadhaa. Changanya gundi nyeupe na maji kidogo, paka kwenye boga, bandika jani, paka juu yake. Gundi ikikauka haionekani. Majani yaliyokwisha kukauka kabisa hayafai. Hukatika kwenye mviringo wa boga.

Naweza kuligeuza boga kuwa chombo cha maua?

Naam, kwa njia mbili.

Ya haraka: kata kifuniko, toa mbegu, weka ndani gilasi au chupa pana yenye maji, kisha panga maua, alizeti, krisanthemumu na masuke ya ngano. Maji yasiliguse boga lenyewe. Fanya hivi siku moja kabla ya wageni, kwa sababu likishakatwa linaanza kuhesabiwa siku.

Ya subira: usilikate. Chagua bapa lenye shimo juu, bandika kuvumwani (moss) kwa gundi, kisha juu yake panga vipandikizi vya mimea minene inayotunza maji, ile jamii inayoitwa sakulenti. Ukinyunyizia maji kidogo mara moja kwa wiki na kuliweka penye mwanga bila jua kali, linakaa miezi, na mimea inatoa mizizi ndani ya kuvumwani. Boga likichoka, unainyofoa na kuipanda chunguni.

Watoto wanataka la kuchonga uso. Nifanyeje lisininyauke kabla ya siku yenyewe?

Chonga tarehe 28 au 29 Oktoba, si mapema. Hiyo ndiyo siri nzima. Boga lililochongwa hudumu siku tatu hadi wiki moja, na penye joto pungufu ya hapo. Picha za mitandaoni za tarehe 5 Oktoba ni za watu watakaonunua jingine.

Chora kwanza kwa kalamu inayofutika. Kata tundu la kuingilia kwa kuinamisha kisu kuelekea katikati, ili kifuniko kikirudishwa kikae bila kutumbukia. Wengi siku hizi hukata kitako badala ya juu. Kikonyo kinabaki, na boga linaketi juu ya taa. Nami naona ni bora. Komba mbegu na nyuzi zote kwa kijiko kigumu cha aiskrimu, endelea kukomba upande utakaochongwa mpaka ubaki unene wa sentimita mbili na nusu. Nyuzi ukiziacha ndizo zinazoota ukungu wa kwanza.

Kwa kukata tumia visumeno vidogo vinavyouzwa kwa kazi hii. Kisu cha jikoni kikikwama kwenye ganda na ukakisukuma kwa nguvu, kinatokea upande ambao mkono mwingine umeshika. Kila Oktoba kuna wanaoishia hospitali kwa ajili hiyo. Mtoto mdogo apewe kazi ya kuchora na kuchambua mbegu. Mwenye drili anaweza kutoboa matundu ya ukubwa mbalimbali badala ya uso, akapata boga linalotoa nyota ukutani, na hilo halina uhusiano wowote na mizimu.

Ukimaliza, nyunyizia ndani maji ya jiki yaleyale, acha likauke likiwa limeinamishwa, paka vaselini kwenye kingo zilizokatwa ili zisikauke na kujikunja. Mchana liweke mahali pa baridi. Vaselini hushika moto, kwa hiyo boga la namna hiyo ni la taa ya betri tu.

Mshumaa au taa?

Taa ya betri. Baraza la mbao, majani makavu, watoto wenye mavazi marefu ya maigizo: hakuna sababu ya kuongeza moto hapo.

Kindi wanayatafuna kila asubuhi. Dawa yake nini?

Kindi wanafuata mbegu, na kulungu wanafuata nyama, hasa lililochongwa. Pilipili ya unga iliyochanganywa na maji na kunyunyiziwa hupunguza, lakini mvua ikinyesha unarudia. Maboga mazima yenye ganda gumu hayawavutii sana. Walio na kulungu wengi mtaani wayaingize ndani usiku, au wakubali tu kuwa wanafuga.

Vile vibuyu vidogo vya rangi, vyenye vinundu na shingo zilizopinda, vinaliwa?

Usile. Hili nalikazia kwa sababu mtu wa kwetu akiona kitu cha jamii ya boga sokoni haraka anafikiria karanga na nazi. Vibuyu hivyo vya mapambo huzalishwa kwa sura tu, na vingi vina kemikali chungu iitwayo kukabitasini, ambayo huleta kutapika na kuharisha vibaya. Kuchemsha hakuiondoi. Kanuni hiyohiyo ishike kwa boga lolote lile: ukionja ukakuta uchungu, tema na mwaga chungu kizima.

Kwa mapambo ni vizuri sana, na bei yake ni ndogo. Visipotobolewa, vikakaa penye hewa, vitakauka na kubaki vyepesi, ingawa rangi hufifia.

Kibuyu kile chetu, cha maziwa ya Wakalenjin au cha Wakamba chenye michoro ya kuchoma, ni mmea mwingine. Asili yake ni Afrika, na hata hivyo ulikuwa umeshafika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Huku hulimwa pia, na watu wa mashariki mwa Marekani huvitoboa na kuvitundika juu ya milingoti viwe viota vya mbayuwayu wa zambarau. Kukikausha ni kazi ya subira: kitundike au kiweke kwenye wavu mahali penye hewa kwa miezi kadhaa. Kitaota ukungu wa kutisha kwa nje. Usikitupe, maadamu ganda halijalegea, ukungu huo ni sehemu ya kukauka. Mbegu zikicheza ndani ukikitikisa, kimeiva. Kiloweke, kisugue kwa waya wa kuoshea sufuria, kipige msasa ukiwa umefunika pua na mdomo, maana vumbi lake ni baya kwa kifua. Baada ya hapo kina maisha marefu kuliko msimu wowote.

Boga likishapamba, naweza kulila?

Boga zima ambalo halijapakwa rangi, halijaganda na halijalegea, ndiyo. Lioshe, limenye, lipike. Ukikuta ndani harufu nzuri na nyama ngumu, hakuna shida hata kama lilikaa barazani wiki sita.

Boga lililochongwa, hapana. Likishakatwa ni kama chakula kilichopikwa na kuachwa wazi. Baada ya saa mbili nje ya friji bakteria wameanza. Lakini mbegu na mabaki uliyotoa wakati wa kuchonga, yaingize jikoni palepale. Mbegu zioshe, zikaushe kwa taulo, changanya na mafuta, chumvi na pilipili manga, uoke kwa nyuzi 150 za Selsiasi, ambazo ni 300 kwenye oveni za huku, kwa dakika 30 hadi 40 ukigeuzageuza. Zinatafunwa na ganda lake.

Na usihangaike kumenya Howden ili upate uji wa boga. Kopo la boga la dukani ni bora kuliko hilo. Illinois ndiyo jimbo linaloongoza kwa kilimo cha maboga, na mji wake wa Morton, penye kiwanda kikubwa cha makopo, hujiita makao makuu ya maboga duniani. Linalotiwa koponi ni boga la kahawia hafifu liitwalo Dickinson, jamaa wa karibu wa yale tunayopika kwetu.

Naishi kwenye apatimenti. Sina baraza.

Soma mkataba kwanza. Majengo mengi hayaruhusu kitu chochote kwenye korido kwa sababu za moto. Shada la mlangoni la mahindi ya rangi na kitenge kwa kawaida halina ubishi. Ndani, weka vidogo mbali na radieta na tundu la hewa ya moto, na chini ya kila kimoja weka sahani. Boga lililooza juu ya zulia la mwenye nyumba litakula amana yako.

Msimu ukiisha niyapeleke wapi?

Yasiyo na rangi wala gundi yaende kwenye mboji. Yakizikwa dampo pamoja na takataka nyingine huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayochangia joto duniani. Manispaa nyingi hukusanya maboga mwanzoni mwa Novemba, na wafugaji wa mbuzi na nguruwe hupokea, mradi uwapigie simu kabla. Ukiyatupa mwenyewe nyuma ya nyumba, toa mbegu, la sivyo Juni utakuwa na shamba.

Je, hilo shamba si ndilo ninalolitaka? Naweza kupanda mbegu zake?

Panda, ila jua kwamba maboga ya dukani mengi ni chotara, na hata yasiyo chotara huchanganyika kwa nyuki yakipandwa karibu na jamaa zake. Utakachovuna huenda kisifanane na ulichokula. Na kama jirani yake shambani kilikuwa kibuyu cha mapambo, uchungu unaweza kurithiwa. Nunua pakiti ya mbegu yenye jina.

Majimbo ya kaskazini panda mwishoni mwa Mei udongo ukishapata joto. Kusini kabisa unaweza kungoja hadi mwanzo wa Julai. Boga linahitaji siku 90 hadi 120, na nafasi kubwa, kwa sababu linatambaa kweli. Maua ya kwanza ni ya kiume na yataanguka bila kuzaa. Usiogope, ya kike yenye kiboga kidogo nyuma yake yanafuata. Majani yakianza kuwa na unga mweupe mwezi wa Agosti, huo ni ukungu wa kawaida wa huku, na boga lililokwisha kutunga huwa linafika.

Huku ukisubiri, kata machipukizi laini tangu Julai, vua nyuzi za vikonyo, uyapike kwa karanga. Usimalize ncha zote za mche mmoja. Acha mtambaa ulio na maboga uendelee, na kata ile isiyozaa. Majirani hawatakuuliza, kwa kuwa wengi wao hawajui kuwa majani hayo ni mboga, na sioni sababu ya kuharakisha kuwaambia.